Habari za Gustav Adolf, Mfalme wa Uswidi

Ndugu wasomaji, wafalme wengi wamelitaja jina la Mungu walipokwenda vitani, lakini ni wachache wanaokumbukwa makanisani. Mmoja wa hao wachache ni Gustav Adolf, mfalme wa Uswidi, aliyeuawa vitani karibu na mji wa Lützen, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1632. Watu wa makanisa ya Kilutheri wamemwita mtetezi wa imani yao, na watu wa zamani walimpa jina la Simba wa Kaskazini. Lakini katika nchi nyingine alizozipita na jeshi lake, wazee waliwasimulia wajukuu habari za njaa na moto. Sisi twataka kuzieleza habari zote mbili. Marehemu hana haja ya kusifiwa kwa uongo, wala Kanisa halisimami juu ya sifa za mfalme.

1. Ukoo wake na ujana wake

Uswidi iko kaskazini mwa Ulaya, nayo ni nchi ya misitu, maziwa na baridi kali. Siku zile watu wake, pamoja na wale wa Finland iliyokuwa chini yake, walipata milioni moja na kidogo tu, na wengi wao walikuwa wakulima maskini. Babu yake Gustav Adolf, jina lake Gustav Vasa, aliitoa nchi katika utawala wa mfalme wa Denmark, akafanywa mfalme mwaka 1523. Ndiye aliyefungua mlango kwa mafundisho ya Luther. Nayo mali ya maaskofu na ya nyumba za watawa akaitia katika hazina yake. Basi tangu mwanzo mambo ya imani na mambo ya kiti cha enzi yalifungwa kwa kamba moja katika ukoo huo. Msomaji na alikumbuke neno hilo, maana tutaliona tena na tena.

Mwaka 1593 mkutano mkuu uliokutana Uppsala ulikata shauri kwamba Kanisa la Uswidi lishike Ungamo la Augsburg. Lakini Sigismund, mjukuu wa Gustav Vasa, aliyerithi ufalme siku zile, alikuwa Mkatoliki, tena alikuwa mfalme wa Poland. Amu yake Karl akaondoka kupigana naye, akamshinda, na mwaka 1599 Sigismund akaondolewa katika ufalme wa Uswidi. Karl akatawala mahali pake. Sigismund hakukubali, hata alipokufa, alikuwa bado akiudai ufalme ule kuwa haki yake.

Gustav Adolf alikuwa mwana wa Karl huyo. Alizaliwa Stockholm mwezi wa Desemba mwaka 1594. Mama yake alitoka katika ukoo wa Kijerumani, kwa hiyo mtoto alijua Kiswidi na Kijerumani tangu utoto wake. Na mwalimu wake, Johan Skytte, alimfundisha Kilatini, sheria, na habari za majemadari wa kale. Baba yake alimketisha barazani angali mtoto, ili asikie mashauri ya wakubwa. Akakua mtu mrefu, mnene wa mwili, mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Alikuwa mwepesi wa hasira, lakini alikuwa mwepesi vile vile wa kusikitikia hasira yake. Macho yake hayakuona vema vitu vya mbali, nalo jambo hilo tutalikumbuka tufikapo mwisho wa habari zake.

2. Vita vitatu alivyorithi

Karl alikufa mwaka 1611, na mwanawe akashika ufalme akiwa na umri wa miaka 16. Alirithi hazina tupu na vita vitatu. Mfalme wa Denmark aliiteka ngome ya Älvsborg, iliyokuwa mlango wa pekee wa Waswidi wa kutokea bahari ya magharibi. Kwa mapatano ya mwaka 1613 Waswidi walipaswa kuikomboa kwa fedha nyingi sana, riksdaler 1,000,000. Kila nyumba ikatozwa kodi, na vyombo vya fedha vya mfalme mwenyewe vikayeyushwa. Deni likalipwa lote mwaka 1619.

Vita vya pili, vilivyokuwa na Warusi, vilimalizika kwa mapatano ya Stolbovo mwaka 1617, na Urusi ikazuiwa isifike Bahari ya Baltic. Vita vya tatu, na binamu yake Sigismund wa Poland, viliendelea miaka mingi. Gustav Adolf aliuteka mji wa Riga mwaka 1621. Katika vita hivyo alipigwa risasi karibu na shingo mwaka 1627, nayo risasi haikuweza kutolewa. Tangu siku ile hakuweza tena kustahimili vazi la chuma begani. Alivaa koti la ngozi nene tu.

Mwaka 1628 alipata fedheha kubwa. Merikebu mpya iitwayo Vasa, aliyoiagiza ijengwe yenye mizinga mingi, ilipinduka na kuzama bandarini Stockholm siku ile ile iliyotweka tanga mara ya kwanza. Ilikaa chini ya maji zaidi ya miaka 300, hata mwaka 1961 ikainuliwa, nayo yaonekana leo katika nyumba ya makumbusho.

3. Kazi yake nyumbani

Mtu akizitazama silaha tu hawezi kumfahamu mfalme huyu. Mwanzoni mwa utawala wake alimchagua Axel Oxenstierna, mtu wa miaka 28, awe waziri wake mkuu, nao wawili wakafanya kazi pamoja mpaka mfalme alipokufa. Mfalme alikuwa moto, na Oxenstierna alikuwa maji baridi; kila mmoja alihitaji mwenziwe. Mwaka 1614 waliweka mahakama kuu ili watu wapate kuamuliwa kwa sheria, wala si kwa upendeleo wa mkubwa. Mwaka 1618 Biblia ya Kiswidi ilipigwa chapa tena kwa amri ya mfalme. Mwaka 1623 shule kubwa ya kwanza ya namna mpya ilifunguliwa Västerås, na nyingine zikafuata katika miji mingine. Mwaka 1624 alikitolea chuo kikuu cha Uppsala mashamba ya ukoo wake zaidi ya 300, ili mapato yake yawalishe walimu na wanafunzi maskini. Mashamba hayo ni msaada wa chuo kile hata leo.

Lakini kazi hiyo ya nyumbani ilikuwa na upande wa giza. Kwa sheria ya mwaka 1617, Mswidi aliyeingia katika Kanisa la Roma alinyimwa urithi na haki zake zote, akafukuzwa nchini; na mwaka 1624 watu waliuawa kwa sababu hiyo. Watu waliolilia uhuru wa dhamiri Ujerumani hawakuwapa wengine uhuru ule katika nchi yao wenyewe.

Tena palikuwa na hesabu ya askari. Majeshi mengine ya Ulaya yalikuwa ya watu wa kukodiwa, lakini Uswidi ilikuwa maskini, ikachukua wana wa wakulima. Wachungaji waliamriwa kuandika majina ya wanaume wa mtaa wao, na katika kila watu kumi mmoja alichaguliwa kwenda vitani. Ndugu zetu makatekista, mliozoea kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, fikirini kazi ile: mchungaji aliyembatiza kijana, ndiye aliyeliandika jina lake katika orodha ya vita. Katika mtaa mmoja wa kaskazini, uitwao Bygdeå, vijana 230 walitwaliwa tangu mwaka 1621 hata 1639. Katika hao 215 walikufa ng'ambo, na 5 walirudi wakiwa vilema.

4. Taabu ya Ujerumani

Sasa tuvuke bahari tuitazame Ujerumani. Nchi ile haikuwa ufalme mmoja. Ilikuwa na watawala wengi, wengine Wakatoliki, wengine Walutheri, wengine wafuasi wa Calvin, na juu yao alikuwa Kaisari. Mwaka 1618 vita vilianza Praha, nchini Bohemia, kati ya Wainjili na Ferdinand, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Kaisari. Ferdinand alishinda, na mfalme wa Denmark aliyekwenda kuwasaidia Wainjili akapigwa pia. Majeshi ya Kaisari, chini ya majemadari Tilly na Wallenstein, yakafika hata pwani ya Baltic.

Mwaka 1629 Kaisari alitoa amri kwamba mali yote ya Kanisa iliyotwaliwa na Wainjili tangu mwaka 1552 irudishwe kwa Wakatoliki. Wakatoliki waliiona kuwa haki, kwa maana mali ile ilikuwa yao zamani. Lakini katika miji mingi wachungaji walifukuzwa, na makanisa yaliyosikia Neno kwa lugha ya watu kwa muda wa miaka karibu 80 yakafungwa.

Basi Gustav Adolf akaitisha mashauri. Je, aende au asiende? Alikuwa amefanya suluhu na Poland ya miaka sita, na jeshi lake lilikuwa tayari. Alisikitika kwa ajili ya ndugu zake wa imani moja, nasi hatuna sababu ya kudhani kwamba sikitiko hilo lilikuwa la uongo. Lakini alihofu pia kwamba Kaisari akipata merikebu katika Baltic atamsaidia Sigismund kuutwaa ufalme wa Uswidi. Na alitamani bandari za pwani ile na ushuru wake. Mambo hayo yote yalikuwa moyoni mwake pamoja, na huenda yeye mwenyewe hakuweza kuyatenga.

Mwezi wa Mei mwaka 1630 aliwaaga wakuu wa nchi, maaskofu, watu wa miji na wakulima waliokusanyika Stockholm. Alimweka mbele yao binti yake wa pekee, Kristina, mtoto wa miaka mitatu, akawaomba wamtunze kama yeye hatarudi. Alijua kwamba mtu aliyekwisha mwaga damu mara nyingi hawezi kutumaini kuponyoka siku zote.

5. Magdeburg na Breitenfeld

Alishuka pwani ya Ujerumani, katika kisiwa cha Usedom, mwishoni mwa Juni mwaka 1630 kwa kalenda ya zamani waliyoitumia Waswidi. Ilikuwa ndiyo kwanza itimie miaka 100 tangu Ungamo la Augsburg liliposomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Yasimuliwa kwamba aliposhuka alipiga magoti akaomba. Askari wake walikuwa kama 13,000 tu.

Watu wengi hudhani kwamba Wajerumani wa Kiinjili walimpokea kwa shangwe. Sivyo. Watawala wao walimwogopa kuliko walivyomtamani. Hata shemeji yake, mtawala wa Brandenburg, hakutaka kumfungulia njia. Na Johann Georg wa Saxony, mkubwa wa watawala wa Kilutheri, alitaka kukaa katikati. Aliyekubali kumpa fedha alikuwa kadinali wa Kanisa la Roma. Mwezi wa Januari mwaka 1631 Richelieu, waziri wa mfalme wa Ufaransa, alipatana naye kumlipa riksdaler 400,000 kila mwaka, kwa sababu Ufaransa ilitaka kuvunja nguvu za Kaisari. Mfalme aliahidi kutowaudhi Wakatoliki mahali alipokuta ibada zao. Mkatoliki alimlipa Mlutheri ampige Mkatoliki! Hapo twaona jinsi vita vile vilivyoitwa vya dini visivyokuwa vya dini peke yake.

Mji mmoja tu mkubwa, Magdeburg juu ya mto Elbe, ulikuwa umejitia mikononi mwake kwa hiari. Tilly akauzingira. Gustav Adolf aliahidi kuusaidia, lakini alipokuwa akibishana na watawala wa Brandenburg na Saxony wampe njia, siku zikapita. Tarehe 20 Mei mwaka 1631 kwa kalenda mpya askari wa Kaisari wakaingia. Wakaua na kunyang'anya, na moto ukauteketeza mji karibu wote, isipokuwa kanisa kuu na nyumba chache. Katika watu wapatao 25,000, wapata 20,000 walikufa. Ulaya yote ilitetemeka kwa habari ile. Wengi walimlaumu mfalme kwamba alichelewa, naye akalazimika kutoa maandiko ya kujitetea.

Baada ya msiba huo na baada ya Tilly kuingia Saxony, Johann Georg alijiunga na Waswidi. Tarehe 17 Septemba mwaka 1631 majeshi yalikutana Breitenfeld, karibu na mji wa Leipzig. Watu wa Saxony walikimbia mapema, ikaonekana kama kwamba yote yamepotea. Lakini Gustav Adolf alikuwa amewafundisha watu wake namna mpya ya vita. Vikosi vyake vilikuwa vidogo, vyepesi kugeuka. Mizinga yake midogo iliweza kuvutwa na farasi mmoja na kufuata askari popote. Na wapanda farasi wake walishambulia kwa panga. Waswidi wakageuka, wakaziba pengo, na kufikia jioni jeshi la Tilly lilikuwa limevunjika. Watu wake zaidi ya 7,000 walikufa, na maelfu walitekwa. Siku ile moja ilibatilisha ushindi wa Kaisari wa miaka 13.

6. Augsburg na Nürnberg

Mfalme akashuka kusini kama mafuriko. Mwezi wa Aprili mwaka 1632 alivuka mto Lech kwa nguvu mbele ya jeshi la Tilly, naye Tilly akajeruhiwa, akafa baada ya siku chache. Kisha Gustav Adolf akaingia Augsburg, mji wa Ungamo lenyewe. Wachungaji waliofukuzwa wakarudishwa, na watu wakaimba na kulia kwa furaha. Lakini siku zile zile aliwataka watu wa mji wamwapie yeye na taji ya Uswidi. Walioelewa mambo wakaanza kuulizana: Huyu amekuja kutufungua, au kutufanya raia zake? Wengine walinena kwamba atajifanya Kaisari. Nasi hatuwezi kusema jambo hilo lingefikia wapi, kwa maana Mungu alimkatia siku zake.

Mji wa München haukuchomwa moto, ila ulitozwa fedha nyingi. Mashamba ya Bavaria yaliharibiwa kwa makusudi, na wakulima wa huko wakawaua askari waliowakamata peke yao. Kwa desturi ya jeshi lake kila kikosi kilikuwa na mchungaji, na sala zilifanywa asubuhi na jioni. Sheria za mwaka 1621 zilikataza unyang'anyi na jeuri kwa wanawake, nazo adhabu zake zilikuwa kali. Lakini sasa Waswidi wenyewe walikuwa wachache katika jeshi lake. Wengi walikuwa watu wa kukodiwa, na mshahara ulikawia. Askari mwenye njaa hasomi sheria.

Wakati wa kiangazi mwaka 1632 Wallenstein, aliyekuwa ameondolewa na Kaisari kisha akaitwa tena, alipanga jeshi lake karibu na Nürnberg kumkabili mfalme. Wakakaa wakitazamana karibu miezi miwili. Mji ulijaa wakimbizi. Chakula kikaisha, magonjwa yakaingia, farasi wakafa, na maelfu ya watu wakazikwa. Huko kambini mfalme aliwakusanya wakuu wa Kijerumani wa jeshi lake, akawakaripia kwa uchungu kwamba wao wenyewe wanawaibia ndugu zao kuliko adui. Huko huko pia, mwishoni mwa Juni, alitia sahihi hati ya kuanzisha chuo kikuu cha Dorpat, kiitwacho leo Tartu, katika nchi ya Estonia. Mfalme alikuwa na mauti pande zote, na bado alifikiri habari za shule.

Mwanzoni mwa Septemba alijaribu kuishambulia kambi ya Wallenstein juu ya kilima chenye ngome ya kale. Akashindwa, na watu wake wengi wakaanguka. Ikawa lazima aondoke.

7. Siku ya Lützen

Majira ya baridi yalipokaribia, Wallenstein aliingia Saxony. Alidhani kwamba vita vya mwaka ule vimekwisha, akampeleka jemadari wake Pappenheim na maelfu ya askari upande wa Halle. Mfalme alipopata habari hiyo, alifanya haraka ili ampige adui kabla hajakusanyika tena. Majeshi yakakutana karibu na mji mdogo wa Lützen, tarehe 6 Novemba mwaka 1632 kwa kalenda ya zamani, yaani tarehe 16 kwa kalenda mpya. Waswidi huikumbuka tarehe 6 hata sasa.

Asubuhi ile ukungu mzito ulifunika nchi tambarare. Askari walifanya sala, wakaimba utenzi wa Luther uliotungwa kutokana na Zaburi ya 46. Mfalme alivaa koti lake la ngozi bila chuma, akapanda farasi wake Streiff. Ukungu ulipopungua kidogo, karibu saa tano, Waswidi walisogea. Kisha ukungu ukashuka tena, ukachanganyika na moshi wa baruti. Mfalme aliona kwamba askari wake wa miguu katikati wamelemewa, akachukua wapanda farasi wa jimbo la Småland, akaenda mbio mbele yao kuwasaidia. Macho yake yalikuwa dhaifu, na ukungu ulikuwa mwingi. Akatengwa na watu wake, akajikuta katikati ya wapanda farasi wa adui pamoja na wafuasi wachache. Risasi ikamvunja mkono, nyingine ikampiga mgongoni, akaanguka. Na akiwa chini akapigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Farasi wake alirudi bila mtu, akitoka damu, ndipo Waswidi wakafahamu. Jemadari Bernhard wa Weimar akashika amri. Hawakukimbia, bali walipigana kwa huzuni na ghadhabu mpaka giza. Pappenheim alirudi akapigwa risasi, akafa. Usiku Wallenstein akaondoka, akaiacha mizinga yake. Maiti walilala uwanjani kwa maelfu, wa huku na wa huko. Mwili wa mfalme ulionekana jioni ile kati ya wafu, umevuliwa nguo. Koti lake la ngozi lilipelekwa Vienna, nalo lilirudishwa Uswidi mwaka 1920. Mwenyewe alizikwa Stockholm, katika kanisa la Riddarholmen, mwaka 1634.

8. Yaliyofuata

Kama vita vingalikoma siku ile, hadithi ingekuwa nyepesi. Lakini viliendelea miaka 16 tena. Oxenstierna alishika mambo kwa niaba ya mtoto Kristina. Mwaka 1634 Waswidi walipigwa sana Nördlingen. Mwaka 1635 Saxony ikapatana na Kaisari, na Ufaransa ikaingia vitani kwa silaha zake. Jeshi la Waswidi lililobaki likawa tauni juu ya nchi. Wajerumani wa Kiinjili na wa Kikatoliki wote pamoja wakajifunza kulificha ng'ombe na nafaka zao waliposikia kwamba Mswidi yuaja. Wasomi wengi husema kwamba Ujerumani ilipoteza pengine mtu mmoja katika watano, au zaidi, na wengi wao si kwa upanga bali kwa njaa na magonjwa.

Hatimaye mapatano yalifanywa katika nchi ya Westphalia mwaka 1648. Amri ya mwaka 1629 ikabatilishwa, na makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yakapata mahali pa kukaa kwa sheria. Uswidi ikapata bandari na nchi za pwani. Wengi wakubali kwamba bila Gustav Adolf mapatano ya namna ile yasingalipatikana. Neno hilo ni haki kulisema, nasi twalisema.

Lakini neno jingine pia ni haki kulisema. Kristina, yule mtoto aliyewekwa mbele ya wakuu, alikua akawa malkia mwenye elimu nyingi. Mwaka 1654 aliuacha ufalme, akaingia katika Kanisa la Roma, akaenda kukaa Roma. Alikufa huko mwaka 1689, na kaburi lake liko katika kanisa la Mtakatifu Petro. Baba alikufa akiupigania Ulutheri, na mtoto wake wa pekee akauacha. Upanga uliweza kulinda mipaka ya nchi na milango ya makanisa. Haukuweza kulinda moyo wa mtu mmoja wa nyumbani mwake.

9. Tumkumbukeje?

Wengine wangependa tumwite mtakatifu, na wengine tumwite mnyang'anyi. Sisi hatuoni kwamba tumepewa kazi ya kuhukumu. Twaona mtu aliyemcha Mungu kweli, aliyeomba kweli, aliyewapenda watu wake na bado akawachukua wana wao kwa maelfu. Mtu aliyekwenda kuwasaidia ndugu zake, na ndani ya msaada wake tamaa ya utawala ikasafiri pamoja naye kama panya katika merikebu. Petro naye alichomoa upanga bustanini kwa upendo, na Bwana wetu akamwambia aurudishe, kisha akaliponya sikio la mtu aliyejeruhiwa. Mfalme ana wajibu wa kuwalinda raia zake, na Luther alifundisha hivyo. Lakini anapofikiri kwamba Injili yenyewe yahitaji mizinga yake, amekwisha vuka mpaka aliowekewa.

Tazameni basi kilichobaki cha kazi yake. Nchi alizozishinda Uswidi ng'ambo ya Baltic zote zimekwisha toka mikononi mwake. Shule alizoziweka zipo. Vyuo vikuu vya Uppsala na Tartu vipo. Mwaka 1832, ilipotimia miaka 200 tangu kufa kwake, wakristo wa Leipzig walianzisha chama chenye jina lake. Chama hicho hakikununua bunduki; kilikusanya sadaka za kujengea makanisa na kusaidia wachungaji wa sharika ndogo zilizotawanyika kati ya watu wa madhehebu mengine, nacho chafanya kazi hiyo hata leo.

Na mji wa Leipzig, ulio karibu na Breitenfeld na Lützen pia, si jina geni kwetu. Kutoka huko ulitumwa ujumbe wa wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Na katika vita vya pili vya dunia, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika, Waswidi walikuwa miongoni mwa waliokuja kuzitegemeza sharika zilizoachwa. Mataifa hayo mawili, ambayo zamani yalikutana katika ukungu wa Lützen yakiuana, yalikutana hapa kwetu mezani pa Bwana.

Ndugu wasomaji, watu wajapo kuizungumza habari hii sharikani, wasiishie kwa mfalme na farasi wake. Wawakumbuke na wale vijana 215 wa mtaa wa Bygdeå, ambao mchungaji wao aliyaandika majina yao mara ya kwanza kwenye ubatizo, na mara ya pili katika orodha ya vita. Mungu ayajua majina yale yote, na ya watu wa Magdeburg, na ya wakulima wa Bavaria. Nasi tulio na vitabu vya sharika mikononi, tuombe kwamba majina tunayoyaandika sisi yasitwaliwe tena kwa kazi ya namna ile.